Kijana na Gari Aliloliunga kwa Mikono Yake: Maneno Machache juu ya Bima ya Barabarani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, watoto walipokwisha kukunja mikeka ya chuo na kwenda makwao, alinijia kijana mmoja niliyepata kumsomesha Juzuu Amma. Sasa ni mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini Singida. Alinitolea salamu, akaketi, akakaa kimya kitambo kama mtu aliyebeba mzigo asiojua autue wapi. Kisha akasema: "Maalim, gari limekwisha."

Nililijua gari lenyewe. Wapita njia wote wa mtaa ule walilijua. Kwa miaka miwili alikuwa akiliunga kidogo kidogo nyuma ya nyumba ya mama yake: chasi ya mabomba ya mraba aliyoyachomelea mwenyewe, injini ya pikipiki ya magurudumu matatu, difu na usukani vilivyotoka katika magari yaliyokufa, na bodi ya mabati iliyopakwa rangi ya kijani. Haja yake ilikuwa ya heri. Alitaka kubeba alizeti na vitunguu kutoka vijiji vya upande wa Ilongero na Mtinko, na kuku wa kienyeji kuwapeleka mnadani, ili apate riziki ya halali na kumtunza mama yake aliye mjane.

Basi alikuwa na maswali matatu. La kwanza, je, bima ni halali kwa Mwislamu? La pili, ni nani atakayekubali kulikatia bima gari lisilotoka kiwandani? Na la tatu, yeye kijana aliyepata leseni juzi tu, atawezaje kuilipa? Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa bima, ni mwalimu wa chuo. Lakini tutauliza wanaojua, na yale ya dini tutayatazama katika vitabu." Haya nisemayo hapa ndiyo tuliyoyapata, nami nayaandika kwa kuwa najua nyumba nyingi za Waislamu zina kijana wa namna hii, kama si mwenye gari la kuunga basi mwenye pikipiki, bajaji au guta.

KISA CHA KAKA YAKE

Kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini swali hili lilimnyima usingizi. Kaka yake mkubwa alikuwa akiendesha bodaboda. Siku moja wakati wa Magharibi alimgonga mzee mmoja aliyekuwa akivuka barabara kwenda kusali. Mzee hakufa, alhamdulillahi, lakini mguu ulivunjika mahali pawili, akalala hospitali muda mrefu. Pikipiki haikuwa na bima. Ilikuwa nayo zamani, lakini ilipokwisha muda wake kaka mtu alisema, "Nitakata mwezi ujao," na mwezi ujao haukufika.

Ng'ombe wawili waliuzwa, kisha shamba la alizeti likawekwa rehani. Hata hivyo fedha hazikutosha. Nyumba mbili zilizokuwa zikikopeshana chumvi zikaacha kusalimiana, na watu wawili waliosimama safu moja msikitini wakawa mmoja akiingia mlango huu mwingine hutokea mlango ule. Baba yao akafariki dunia deni lile likiwa bado shingoni mwake. Kwa hiyo gari la kijani lilipokwisha, mama alitamka neno moja tu: "Halitatoka nje ya ua huu mpaka nijue kwamba likimuumiza mtu, mtu huyo atatibiwa."

Ndugu zangu, neno la mama yule lina elimu ndani yake. Wengi wetu hukata bima kwa kumwogopa askari wa barabarani, tukisahau kwamba bima iliyo wajibu kisheria haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye njiani ambaye hana gari.

BIMA NI NINI?

Bima ni watu wengi kutoa kidogo kidogo katika mfuko mmoja, ili yule ambaye msiba utamwangukia asaidiwe kutoka mfuko ule. Kile kidogo anachotoa mtu huitwa ada ya bima, na kile anacholipwa aliyepatwa na hasara huitwa fidia. Katika vyombo vya barabarani twaweza kusema kuna namna mbili kubwa.

Ya kwanza ni ile ambayo watu huiita bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye chombo, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule uliyemdhuru. Bima hii humtazama huyo wa tatu. Gari lako likipinduka peke yake korongoni au likiungua moto, hutapata kitu. Namna hii ndiyo iliyo lazima kwa sheria ya Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Ya pili ni bima kubwa, ambayo humlipa mtu wa tatu na pia hukulipa wewe kwa hasara ya chombo chako. Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya chombo, kwa hiyo ada yake ni kubwa zaidi. Na kati ya hizo mbili kuna ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya bima ya mtu wa tatu.

Nchini mwetu kazi hii ina historia yake. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ikawa mikononi mwa Serikali peke yake. Zanzibar ilianzisha shirika lake mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1996 iliwafungulia mlango watu binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo wengi huijua kwa jina la TIRA. Mamlaka hiyo ndiyo inayosimamia makampuni na mawakala, nayo ina ofisi ya Kanda ya Kati mjini Dodoma.

JE, NI HALALI?

Yaweza kuulizwa: kukata bima si kupungukiwa na tawakkul? Jibu tunalijua tangu utotoni. Imepokewa katika Hadithi aliyoitoa Imam Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, naye akamwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Basi mwenye kujikinga si mwenye kumkana Mola wake.

Lakini swali la wanavyuoni si hilo. Swali lao ni juu ya mkataba wenyewe. Katika bima ya biashara, mtu hutoa fedha asijue kama atapata kitu au hatapata, na hilo ni gharari. Tena kampuni huweza kuzitia fedha zile katika riba. Kwa ajili hiyo wanavyuoni walihitilafiana. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyachungua mambo ya bima ya majahazi, naye hakuiridhia. Katika mkutano wa fiqhi uliofanyika Damascus mwaka 1961, Sheikh Mustafa al-Zarqa aliona bima yajuzu, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Kisha Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwezi wa Desemba mwaka 1985 likaamua kwamba bima ya biashara yenye ada maalum ni haramu kwa gharari iliyomo, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, iliyojengwa juu ya kujitolea na kuchangiana.

Hii bima ya kusaidiana ndiyo iitwayo takaful. Msingi wake si mgeni. Waarabu walikuwa na desturi ya aqila, ambayo Uislamu uliikubali: mtu akiua kwa makosa, ukoo wake wote huchanga diya. Na tumesoma katika Hadithi Sahihi jinsi Mtume (S.A.W.) alivyowasifu watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula kikiwapungukia walikusanya kila kilichopo katika nguo moja wakagawana sawasawa. Na aya ya 2 ya Sura ya Al-Maida ndiyo dira yetu katika kusaidiana kwa mambo mema. Katika takaful, wanachama huchanga kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea. Msimamizi hupata ujira wake unaojulikana. Fedha haziwekwi katika riba wala katika vilivyoharamishwa. Na mfuko ukibaki na ziada, ziada ile hurejea kwa wachangaji au hutumika kwa maslahi yao kadiri ya mkataba.

Sudan ilianza kampuni ya namna hii mwaka 1979, na Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984. Kwa jirani zetu wa Kenya, kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011, na mwaka 2014 iliwalipa wafugaji wa Wajir waliopatwa na ukame. Nasi wa Singida tunaojua uchungu wa ng'ombe kufa kwa kiu tutaona faida yake mara moja. Hapa Tanzania, Shirika la Bima la Zanzibar lilifungua mlango wa takaful mwaka 2024. Basi jambo la kwanza la kufanya kwa kijana Mwislamu ni kuuliza kama huduma hiyo inapatikana kwa chombo chake na mahali alipo.

Na asiyeipata afanyeje? Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema kwamba pale sheria ya nchi inapomlazimisha mtu, wala hapana njia ya takaful, basi atakata ile kiasi cha lazima, nao ulazima huo ni udhuru wake. Huo ndio ushauri niliompa kijana: auulize mlango wa takaful kwanza, usipokuwapo, akate bima ndogo iliyo lazima, asijitie katika bima kubwa ya biashara kwa khiari yake. Na mwenye shaka amwulize sheikh wa mahali pake.

Jambo moja zaidi wazazi wawafundishe watoto wao. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, yaeleza hukumu ya mwenye kumuua Muumini kwa makosa: kuna diya kwa jamaa za marehemu isipokuwa wakisamehe, na kuna kafara, ambayo kwa asiyepata wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Bima yaweza kusaidia katika mali. Lakini hakuna kampuni duniani inayoweza kumfungia mtu hata siku moja katika zile siku sitini. Kwa hiyo asiwepo kijana atakayesema, "Nina bima, na nikimbie."

NANI ATALIKUBALI GARI LA KUUNGA?

Asubuhi yake tulikwenda pamoja kwa wakala mmoja. Yule bwana alitupokea vizuri, akachukua kalamu, akauliza: "Kadi ya gari iko wapi?" Kijana akamtazama, naye akanitazama mimi. Kadi haikuwapo. Namba ya usajili haikuwapo. Chasi haikuwa na namba yoyote, maana aliichomelea mwenyewe. Wakala akaiweka kalamu chini taratibu akasema, "Mzee wangu, siwezi kukikatia bima kitu ambacho katika daftari za Serikali hakipo."

Neno lile lilimchoma kijana, lakini lilikuwa la haki. Bima hufuata usajili, na usajili hufuata ukaguzi. Gari likitoka kiwandani limekwisha kupimwa breki, taa, usukani na uzito wake. Gari la kuunga halina shahidi ila fundi wake, na fundi hawi shahidi wa nafsi yake. Huko Uingereza watu wana mazoea ya zamani ya kununua gari kwa vipande na kuliunga nyumbani. Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa hivyo, na sababu moja ilikuwa kwamba mwenye kujiungia mwenyewe aliepuka kodi ya ununuzi ya siku zile. Lakini hata huko, siku hizi gari la namna hiyo haliingii barabarani mpaka lipasishwe na wakaguzi, moja moja.

Wala tusidhani kwamba mikono ya Waafrika haiwezi. Kenya ilitengeneza gari la Nyayo Pioneer katika miaka ya 1980. Wanachuo wa Makerere, Uganda, waliendesha gari lao la umeme, Kiira, mwaka 2011. Hapa kwetu kituo cha Nyumbu, Kibaha, kiliwekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kubuni magari, na mwaka 2022 bwana Masoud Kipanya, mchoraji wa vibonzo na mtangazaji, aliwaonyesha watu gari dogo la umeme jijini Dar es Salaam. Akili ipo. Kinachotakiwa ni kwamba kazi ya akili ipite katika mlango wa sheria.

Basi kijana mwenye kutaka kuunga chombo, na aanze mwisho kabla ya mwanzo. Kabla ya kununua hata bomba moja, aende kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, na katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, aulize: chombo cha namna hii kinaweza kusajiliwa? Kinatakiwa kuwa na nini? Aulize pia Shirika la Viwango. Ofisi ya SIDO na chuo cha VETA tunavyo hapa Singida, na huko wamo watu wanaojua vyuma kuliko sisi. Tena aweke risiti ya kila kitu alichonunua, hasa ya injini, maana injini isiyo na risiti yaweza kuwa ya wizi, na kijana akaingia matatani kwa kosa la mwingine. Risiti hizo hizo ndizo zitakazoonyesha thamani ya gari siku ya kukata bima kubwa au takaful.

Kijana wangu hakuyafanya haya mwanzoni. Aliyaanza mwishoni, nayo yamekuwa mazito kwake, kama mtu anayepandisha Sekenke na mzigo ambao angeweza kuuacha chini.

KIJANA ATALIPAJE?

Sasa tufike katika lile swali la mfuko. Vijana husema bima ni ghali, na kwa hakika dereva mpya hutazamwa kwa jicho la tahadhari. Katika nchi nyingi vijana hutozwa zaidi kwa kuwa wao ndio wanaopata ajali zaidi. Hapa kwetu mikataba mingi ya bima kubwa humtaka dereva mwenye umri mdogo au leseni changa abebe mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijalipa. Walakini ziko njia za kupunguza uzito huo bila ya hila wala uongo.

Kwanza, chagua chombo kinacholingana na hali yako. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya bima ndogo ya chombo fulani ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwa siku haifiki hata shilingi 170. Na tuseme gari la shilingi 6,000,000 linakatiwa bima kubwa kwa asilimia 5. Hiyo ni shilingi 300,000. Tofauti ni shilingi 240,000 kila mwaka. Kwa gari kuukuu ambalo hata likiharibika hutafilisika, bima ndogo na akiba yako mwenyewe kwa matengenezo huenda vikatosha.

Pili, anza kuweka akiba siku ile ile unapokata bima. Sheria yetu haikubali bima ya mkopo. Ada isipolipwa, kinga haianzi. Kwa hiyo mwenye kungoja mwezi wa mwisho ndipo atafute fedha, mara nyingi huukuta mwezi umepita, kama yule kaka mtu. Weka kibubu, au mweke mama awe mweka hazina, na kila jioni tia shilingi 200. Madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangiana kwa zamu bila ya riba, leo wakamkatia huyu na mwezi ujao yule.

Tatu, kata kwa kampuni au wakala mwenye leseni, na uthibitishe. TIRA huweka viwango vya chini vya ada za bima ya magari. Kwa hiyo ukimpata mtu njiani anayekuuzia stika kwa nusu ya bei, jua kwamba hakuuzii bima, anakuuzia karatasi. Siku hizi kumbukumbu za bima zimo katika mtandao wa TIRA, na mtu aweza kuitazama namba ya chombo chake akajua kama bima yake ni ya kweli. Kijana asiye na simu ya namna hiyo amwombe mwenzake. Ni kazi ya dakika chache.

Nne, sema kweli. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu. Fomu ikiuliza nani ataendesha, jibu kweli. Ikiuliza chombo kitabeba abiria au mizigo, jibu kweli. Na kama injini imebadilishwa au bodi imeongezwa, sema. Wengi hukata bima ya matumizi binafsi, kisha wakabeba abiria kwa nauli, ili waokoe shilingi elfu chache. Siku ya ajali kampuni hupekua, na uongo ule hula fidia yote. Mwenye kubeba abiria au mizigo kwa biashara ajue pia kwamba anahitaji leseni ya LATRA. Na leseni ya udereva iwe ya daraja la chombo chenyewe, maana leseni ya pikipiki haimfanyi mtu kuwa dereva wa gari, wala anayejifunza si dereva peke yake.

Tano, endesha kwa adabu. Makampuni mengi hutoa punguzo katika bima kubwa kwa mtu aliyemaliza mwaka bila ya kudai. Basi upole barabarani una thawabu mbele ya Mungu na una punguzo dukani.

AJALI IKITOKEA

Mungu atuepushe, lakini ikitokea, usikimbie. Msaidie majeruhi kwanza, kwa kuwa uhai wake ni amana iliyoanguka mikononi mwako. Toa habari polisi, na hakikisha majeruhi amepata fomu ya PF3 kwa matibabu. Andika majina ya mashahidi. Iarifu kampuni upesi, wala usiahidi fedha wala kufanya mapatano ya siri kabla ya kuiarifu, maana jambo hilo laweza kuharibu madai. Lakini kwenda kumtazama mgonjwa, kumpa pole na kumwombea dua si kukiri kosa. Hiyo ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na kukosekana kwake ndiko kulikozitenga zile nyumba mbili zaidi ya kukosekana kwa fedha. Na kampuni ikikataa kulipa pasipo haki, iko TIRA, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikate tamaa ukanyamaza.

MWISHO WA HABARI

Msomaji atataka kujua gari la kijani liko wapi. Liko pale pale uani, limefunikwa turubai, na kuku wa mama hulala chini yake. Kijana ameanza safari ya mkaguzi na ya kadi. Amekwisha kuambiwa abadilishe breki na aongeze taa, naye amekubali. Huenda likapita, huenda lisipite. Mungu ndiye ajuaye.

Lakini riziki haingoji. Kwa zile fedha alizokuwa ameziweka kwa rangi na viti, alinunua guta lililotumika, lenye kadi safi, akalihamisha kwa jina lake kama sheria inavyotaka, akalikatia bima ya mizigo. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, alikwenda kwa yule mzee wa mguu, akampa salamu, akamwonyesha hati ya bima. Mzee aliishika karatasi ile kitambo, ijapokuwa hasomi, kisha akasema, "Ingekuwa hivi siku ile." Akamwombea heri. Ijumaa iliyofuata niliwaona wakitoka msikitini kwa mlango mmoja.

Siku ya mnada, mama naye alitoka na kapu lake la kuku, akataka kupanda nyuma juu ya magunia. Kijana akamshika mkono akamteremsha kwa heshima. "Mama, nisamehe. Bima hii ni ya mizigo. Wewe si mzigo." Mama akanung'unika mpaka kituo cha daladala, akisema kwamba amezaa askari. Lakini walioketi naye ndani ya gari wanasema aliwahadithia habari ile njia nzima, naye akicheka.

Wabillahi tawfiq.